Kadi Iliyoachwa Hotelini

Mwanamke ninayemsimulia hapa nimemtunga, lakini magonjwa, vipimo na miaka nitakayoitaja ni ya kweli. Nimempa kwao Vudee, milimani Upare, kwa kuwa watoto wa Vudee wametapakaa kila mahali, na siyo yote wanayoyapata huko hurudi nayo nyumbani kwa maneno.

Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa. Mwaka 2013 alikwenda Dubai kuchukua mzigo, akarudi na mifuko ya silikoni kifuani. Alikuwa amenyonyesha watoto watatu, fedha ilikuwa yake na mwili ni wake; sina neno la kumlaumu kwa hilo. Kisa chake kinaanza siku alipotoka kliniki, alipokabidhiwa kadi ndogo yenye jina la kampuni, aina ya mfuko na namba yake. Aliiogopa ile kadi. Mume angeiona, au mama mkwe, au mtoto angeichezea mbele ya wageni. Akaiacha hotelini. Baadaye alibadilisha laini ya simu, kliniki ikampoteza. Mama yake alipougua alipanda Vudee kumuuguza, na baada ya mazishi akabaki huko na shamba la maharage na migomba.

Mifuko hii haidumu maisha. Kadiri miaka inavyosonga, uwezekano wa kupasuka unaongezeka, na mfuko wa silikoni ukipasuka mara nyingi hautoi taarifa. Mwili hujenga ganda la kovu kuuzunguka, na jeli iliyovuja yaweza kukaa ndani ya ganda hilo, titi lisiume wala lisibadilike umbo. Daktari akilipapasa kwa mkono anaweza asigundue. Kwa sababu hiyo FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa tiba, inashauri kipimo cha altrasaundi au MRI mwaka wa 5 au wa 6 baada ya upasuaji, kisha kila baada ya miaka 2 au 3, hata kama mwenyewe hasikii chochote.

Kwa huyu mama, mwaka wa sita ulikuwa 2019. Hakwenda popote. Na ni mwaka huohuo, tarehe 24 Julai, FDA ilipoitaka kampuni ya Allergan iondoe sokoni mifuko yake ya BIOCELL, yenye ngozi ya kukwaruza, na kampuni ikaiondoa duniani kote. Mpaka wakati huo zilikuwa zimeripotiwa kesi 573 za limfoma, aina ya saratani, inayohusishwa na mifuko ya matiti, na vifo 33. Kesi 481 zilikuwa za wanawake wenye mifuko ya Allergan. Taarifa ilitangazwa kwa majina na namba. Yeye alikuwa shambani akipalilia, na hata kama tangazo lingesomwa kanisani Jumapili, asingejua kama linamhusu.

Haikuwa mara ya kwanza namba kuwa muhimu hivyo. Machi 2010 iligundulika Ufaransa kwamba kampuni ya PIP ilikuwa ikijaza mifuko yake silikoni isiyoidhinishwa kwa matumizi ya tiba. Mamia ya maelfu ya wanawake, katika nchi zaidi ya 60, walikuwa wameshaibeba. Mwenye kiwanda, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo cha miaka minne mwaka 2013. Aliyekuwa na kadi yake alitazama jina akajua amesimama wapi. Asiyekuwa nayo alibaki na hofu.

Mwaka 2021 titi la kushoto la mama yule lilianza kuvimba. Halikuwa na joto, na uchungu ulikuwa kidogo tu. Alikwenda zahanati, akaulizwa kama aliumia au aliwahi kufanyiwa upasuaji wowote. Akasema hapana. Akapewa dawa za kuua bakteria. Simlaumu mganga yule, alitibu alichoambiwa. Uvimbe ulipungua, ukarudi, na miezi ikapita akijifunga khanga mbili kifuani hata wakati wa jua. Hatimaye shangazi yake, aliyekuwa akimtazama tu, alimwita pembeni.

“Mwanangu, hilo titi lina nini?”

“Shangazi, niliwekewa vitu. Zamani, Dubai.”

“Nani mwingine anajua?”

“Hakuna.”

“Kesho tunateremka Same na gari la asubuhi. Utamwambia daktari hivihivi ulivyoniambia.”

Kutoka Same walipewa rufaa kwenda hospitali ya KCMC, Moshi. Altrasaundi ilionyesha maji yamejaa kuuzunguka mfuko. Yalivutwa kwa sindano, yakapelekwa maabara kutafutwa alama iitwayo CD30. Ilikuwa limfoma ileile. Si saratani ya titi lenyewe: ni ya chembe za kinga, nayo huota katika ganda la kovu. Shirika la Afya Duniani liliitambua mwaka 2016. Ni adimu, na mara nyingi hujitokeza miaka 8 hivi au zaidi baada ya upasuaji, ikianza na uvimbe wa namna hii hasa. Ikikutwa bado ndani ya maji na ganda, kuondoa mfuko pamoja na ganda lote kwa kawaida humaliza kazi. Yake ilikuwa imeshafika kwenye tezi za kwapani. Baada ya upasuaji alihitaji dawa za saratani kwa miezi, nywele zikaisha, shamba likakodishwa. Alipona. Ile miezi ya khanga mbili ndiyo iliyomgharimu.

Upasuaji wa kurekebisha maumbo sasa unafanyika hapahapa nchini Tanzania, hospitali ya Mloganzila ikiwemo, kwa hiyo visa vya namna hii havitaendelea kuwa vya wasafiri peke yao. Nawaomba waliokwisha kuwekewa, na kadi hawanazo, waandikie kliniki iliyowafanyia, wakitaja jina walilojiandikishia na tarehe, waombe namba kutoka kwenye faili la upasuaji. Wanaokwenda kupima mamogramu wamwambie mpimaji kabla hajaanza, kwani mfuko huficha sehemu ya titi na picha za ziada huhitajika. Mwenye mfuko wa BIOCELL asiye na dalili hashauriwi na FDA kukimbilia kuutoa. Anashauriwa kujua alicho nacho na kufuatilia. Uvimbe, maumivu au donge jipya, hata ikiwa ni mwaka wa kumi na tano, ni la kupelekwa hospitali wiki hiyohiyo, na daktari aambiwe habari za ile mifuko kabla hajauliza.