Kigango Si Pambo

Mwaka 1985, mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee wa Kigiriama huko Kilifi, kando ya vigango viwili, yaani nguzo za ukumbusho, vya ndugu zake marehemu. Haukupita muda vikaibwa. Mwaka 1999 Udvardy akakitambua kimoja kwenye slaidi za makumbusho ya chuo kikuu huko Illinois, Marekani. Picha yake ikawa ushahidi, na 2007 kikarudi kijijini, lakini mzee alikuwa amekwishafariki.

Mwanafunzi wa kigeni anayekuja Malindi kwa muhula mmoja si mwizi wa vigango, najua. Ila wezi huiba kwa kuwa wanunuzi wapo. Akionyeshwa kigango dukani (ataambiwa ni sanaa tu), aulize kimeng'olewa kwenye boma la nani, na nani aliyeridhia.