*Ramadhani 14: Nyota Inayogonga na Ujumbe Nilioufowadi*



Ndugu zangu katika imani, Allah azitakabali swaumu zetu. Leo naanza na deni langu kwenu.

Ramadhani iliyopita, kwenye chaneli hii hii, niliwatumia klipu ya sauti. Du, du, du, kama mtu anagonga mlango usiku. Maandishi yake yalisema hiyo ni sauti ya At-Tariq, nyota iliyotajwa katika sura ya 86, eti wanasayansi wameirekodi angani, na mmoja wao aliposikia akasilimu palepale. Nikaandika "Subhanallah", nikatuma. Mkaisambaza kweli kweli. Wengine mlinirudishia mkidhani sijaiona!

Usiku wa pili yake, baada ya tarawehe, kijana wetu mmoja wa kidato cha sita alinisubiri pale kwenye viatu. Akasema, "Shekhe, samahani. Huyo aliyesilimu ni nani? Na angani hakuna hewa, sasa sauti imepita wapi?"

Sikuwa na jibu. Na sitawaficha, nilikasirika. Nikamwambia, "Wewe soma Qur'ani kwanza." Jamani, hilo halikuwa jibu. Nilikuwa namfunga mdomo tu. Siku zote zilizobaki za mwezi ule hakukaa tena darsani.

Baadaye nikakaa chini nikasoma. Leo nalipa deni.

*Ile sauti ni nini?*

Nyota ipo kweli. Aina hiyo wanaiita pulsa. Nyota kubwa inapofika mwisho wake na kulipuka, kiini chake kinaweza kubanwa sana kikawa nyota ya nyutroni: uzito unaozidi ule wa jua letu lote, ndani ya mpira wenye upana wa kilomita 20 hivi, kama kutoka Kariakoo mpaka Tegeta. Kijiko kimoja cha chai cha kitu hicho kingekuwa na uzito wa mabilioni ya tani. Subhanallah, na hii ya sasa nimeihakiki.

Nyota hiyo inajizungusha kwa kasi huku ikitoa miale ya mawimbi ya redio, mfano wa mnara wa kuongozea meli. Kila mwale ukipita upande wetu, darubini ya redio inapokea mpigo mmoja. Kwa hiyo hakuna sauti iliyosafiri angani. Ni mawimbi ya redio yaliyogeuzwa kuwa sauti kwenye spika, kama redio yako ya nyumbani inavyofanya. Kijana alikuwa sahihi.

Je, ndiyo At-Tariq? Wafasiri wetu wa zamani walitofautiana. Wapo waliotaja Thuraya, wapo waliotaja Zuhali, wapo waliosema ni nyota yoyote inayochomoza usiku. Kusimama na kusema "ndiyo hii hasa" ni kumsemea Allah pasipo elimu. Pulsa ya kwanza iligunduliwa mwaka 1967. Kabla ya hapo Waislamu waliisoma sura hii karne kumi na tatu na nyoyo zikatikisika bila klipu.

Na yule aliyesilimu? Ujumbe hauna jina lake, hauna mji, hauna mwaka. Ni habari isiyo na mwenyewe.

*Sasa sikilizeni habari yenye mwenyewe*

Mwaka 1974, kisiwani Puerto Rico, palikuwa na darubini ya redio ya Arecibo, sahani yenye upana wa mita 305. Mwanafunzi wa uzamivu, Russell Hulse, alikuwa akitafuta pulsa kwa ajili ya kazi aliyopewa na mwalimu wake, Joseph Taylor. Akaipata moja inayopiga mara 17 kwa sekunde.

Mwezi Agosti akaipima tena, ahakikishe. Vipimo viwili vya siku moja havikulingana. Tofauti? Igawe sekunde moja mara milioni, kisha chukua visehemu 27. Basi, ni hivyo tu. Lakini mapigo ya pulsa huenda kwa utulivu kama saa nzuri sana. Tofauti ile, ndogo hivyo, haikutakiwa kuwepo.

Ingekuwa ni mimi wa ile klipu, ningetangaza usiku uleule. Yeye hakushangilia. Alichukia, akajiuliza vifaa vyake vina kasoro gani. Akazikata namba kwenye karatasi yake, akapima tena. Zikakataa tena. Akaandika programu mpya ya kompyuta, akapima siku baada ya siku mpaka Septemba. Hapo ndipo ilipobainika kwamba kosa halikuwa lake. Nyota ile haikuwa peke yake! Inazungukana na nyota nyingine ya nyutroni ambayo mapigo yake hatuyapati, na mzunguko mmoja huchukua saa 7 na dakika 45. Ikija upande wetu mapigo yanasogeleana, ikienda mbali yanaachana, kama mlio wa gari la wagonjwa unavyobadilika likikupita barabarani.

Taylor na wenzake hawakuishia hapo. Nadharia ya Einstein inasema nyota mbili za namna hiyo zitapoteza nguvu kwa kutoa mawimbi ya mvutano, na zitakuwa zinasogeleana. Kiasi gani? Kama mita 3 na nusu kwa mwaka. Muda wa mzunguko nao unapungua visehemu 76 hivi, vya zile milioni za sekunde, kwa mwaka mzima. Nani ataliona hilo? Wao waliandika nyakati za mapigo, mwezi hadi mwezi, mwaka hadi mwaka, na upungufu ukajikusanya mpaka ukaonekana. Mwishoni mwa 1978 wakatangaza kwamba hesabu inakubali. Mwaka 1993 Hulse na Taylor wakapewa tuzo ya Nobel ya fizikia.

*Tunachukua nini hapa?*

*La kwanza:* anza kujishuku wewe kabla hujatangaza. Hili si geni kwetu, ni letu. Surat Al-Hujurat aya ya 6 inatuamrisha tuihakiki habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, kisha tukajuta. Jabir bin Abdillah (r.a.) alisafiri mwendo wa mwezi mzima kwa ajili ya hadithi moja tu, aisikie kwa aliyeisikia. Mwezi mzima, juu ya ngamia! Sisi tunashindwa dakika mbili, simu iko mkononi. Na Mtume (s.a.w.) ametuonya kuwa kusimulia kila unachosikia kunatosha kumtia mtu katika uongo. Usijifariji kwamba uongo wako unaipamba dini. Haki ya Allah haisimami kwa nguzo mbovu. Siku nguzo ile inapovunjika mbele ya kijana, anaweza kudhani nyumba nzima ni mbovu. Hapo dhambi ni ya nani?

*La pili:* tuandike hesabu zetu. Mtu haamki asubuhi moja akaiacha swala. Anachelewa dakika tano, kisha kumi, kisha Alfajiri inasaliwa jua limetoka. Mapenzi ndani ya nyumba hayafi kwa siku moja. Ni upungufu wa visehemu, na asiyeweka hesabu hauoni. Ramadhani ndiyo daftari letu.

Na tazameni: ile darubini ya Arecibo haipo tena, iliporomoka Desemba 2020. Chuma kimeanguka, vipimo vilivyoandikwa vimebaki. Miili yetu nayo itaanguka. Sura ile ile ya At-Tariq, aya ya 4, inatukumbusha kwamba hakuna nafsi iliyoachwa bila mwenye kuiangalia. Huu ndio ujumbe uliokuwa unatugongea mlango muda wote, sisi tukashughulika na klipu.

*Kazi ya leo*

1. Kabla hujafowadi, uliza: nani kasema, wapi, na je, kuna wa kuthibitisha? Ukikosa majibu, acha.
2. Kama ile klipu uliisambaza kwa ajili yangu, wapelekee uliowatumia sahihisho hili. Dhambi ya kuanzisha ni yangu, nisaidieni kuizima.
3. Kabla ya kulala, andika jambo moja lililopungua kwako tangu Ramadhani iliyopita. Moja tu, na tarehe.

Yule kijana nilimfuata kwao, nikamwomba radhi mbele ya baba yake. Akainama tu, akasema, "Yameisha, shekhe." Jana alikuwa darsani, mstari wa mbele. Alhamdulillah.

Ewe Mola, tuoneshe haki tuijue kuwa ni haki na utujaalie kuifuata. Zilinde ndimi zetu na vidole vyetu. Usiwafanye watoto wetu waikimbie dini Yako kwa sababu ya ujinga wetu. Aamiin.

Wabillahi tawfiq.