Kisu na Mkono Uliokifua

Wahenga walisema kuwa mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Ni msemo mzuri, ila una upungufu mmoja: umemgawia nyama mwenye kisu, na mhunzi haukumwachia hata mfupa. Hapo ndipo lilipo suala linalomkabili kila anayekusanya visu vya kuwindia vilivyofuliwa kwa mkono. Je, yawezekana kuipenda kazi ya mtu, naye mwenyewe akasahauliwa, na pendo hilo likabaki kuwa la haki?

Katika soko la vinyago la Mwenge, wilayani Kinondoni, sime za Kimaasai huuzwa pamoja na mikuki na ngao, jirani na vinyago vya Kimakonde. Mnunuzi huichomoa sime katika ala yake ya ngozi iliyotiwa rangi nyekundu, akaupima uzito wake kiganjani, akautazama ubapa wake, mwembamba karibu na mpini na mpana kuelekea nchani. Huuliza bei. Huuliza kama ni ya zamani. Ni nadra kuuliza imefuliwa na nani, na hata akiuliza, aghalabu hutajiwa kabila. Kana kwamba kabila zima lilisimama mbele ya fuawe likashika nyundo moja!

Na jibu hilo lina kitendawili ndani yake. Katika desturi za kale za Wamaasai, wahunzi walikuwa kundi la peke yao, Ilkunono, ambao wenzao hawakuoana nao. Mkono wa mhunzi ulihesabiwa kuwa na unajisi, hata mtu alipopokea silaha iliyoshikwa na mhunzi alijipaka mafuta mkononi kwanza. Sime ilimlinda mfugaji na ng'ombe wake. Aliyeifua alikaa pembeni. Wala si chuma chenyewe kiletacho dharau, kwani huko Karagwe, kaskazini-magharibi ya nchi hiyohiyo, nyundo za chuma zilikuwa miongoni mwa alama za ufalme. Dharau ni uamuzi wa watu. Basi yule anayeitundika sime ukutani na kuandika chini yake "ya Kimaasai", kisha akatosheka, asijione kuwa yu mbali sana na yule aliyejipaka mafuta.

Iko njia ya kulipunguza deni, nayo ni kujifunza namna kisu kilivyotengenezwa. Siku hizi mara nyingi huanza na kipande cha springi kuukuu ya lori. Hutiwa katika makaa, mivukuto ikapuliza, kikawa chekundu, kikapigwa mpaka kikakubali umbo. Kisha huja kazi isiyoonekana. Chuma huzamishwa majini au katika mafuta kingali na moto wake ili kiwe kigumu. Lakini ugumu huo ni wa kuvunjika kama kigae, hivyo hupashwa tena, kwa moto mdogo, kipate kustahamili. Kipimo ni rangi, na rangi ya chuma chenye moto haisomeki vyema juani, ndiyo maana mhunzi hupenda kivuli cha banda lake. Visu viwili vyaweza kulala juu ya meza moja vikafanana kama pacha, kimoja kikachuna mnyama mzima na cha pili kikapinda kwenye kiungo cha kwanza. Jicho la mkusanyaji halivitofautishi, hata lingekuwa limezoea kiasi gani.

Mwaka 1976, huko Buhaya, wazee waliowahi kuyeyusha chuma ujanani mwao walijenga upya tanuri mbele ya watafiti, Peter Schmidt akiwa miongoni mwao. Kazi hiyo ilikuwa imeachwa kwa miongo mingi, baada ya chuma cha Ulaya kufika kwa bei rahisi. Vyombo vya kale vilikuwapo, lakini hakuna hata kimoja ambacho kingeweza kusema kwamba shimo la tanuri hujazwa kwanza nyasi za kinamasi zilizochomwa. Hilo lilikuwa vichwani mwa wazee. Wangetangulia kufa, visu vingebaki na siri ingekwenda kaburini.

Dar es Salaam wangalipo mafundi wanaofua visu na majiko kutokana na chuma chakavu. Mnunuzi wa Mwenge arudipo kwake na sime yake kwapani huenda akaisikia nyundo ya mmoja wao. Banda huwa wazi, na jina la mtu huulizwa bure.