Frateri, unakimbia kwa ajili ya nani?



Wengi wenu mmeshaiona ile picha kwenye grupu la parokia. Mimi huyo, nimekaa ukingoni mwa barabara pale Coco Beach, namba ya kifuani inaning'inia kwa pini moja, dafu mkononi, uso kama wa mtu aliyepata taarifa ya msiba. Mmecheka vya kutosha. Na aliyeandika chini yake "Usikate tamaa, Frateri!" nimemsamehe, kwa sababu maneno ni yangu mwenyewe.

Ndiyo, ni yangu. Dominika moja kabla ya mbio nilipewa dakika kumi za kuzungumza na vijana baada ya Misa ya pili, nikazitumia zote kumsifu John Stephen Akhwari. Nani hapa Tanzania hajasikia habari zake? Mwana wa Mbulu, Olimpiki ya Mexico City, Oktoba 1968. Alianguka njiani, goti likaumia vibaya, wakamfunga bendeji, akainuka na kuendelea. Aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, giza limeshaingia, watu wengi wameshaondoka. Akawa wa 57, wa mwisho kabisa kati ya waliomaliza. Nikahitimisha kwa sauti ya juu: Mkristo hakati tamaa, Mkristo humaliza mwendo, kama Mtume Paulo! Makofi yakapigwa. Wiki hiyo hiyo vijana wakachapisha fulana za bluu, mgongoni zimeandikwa USIKATE TAMAA kwa herufi ambazo hata asiye na miwani anazisoma. Tukajiandikisha watu tisa kwa zile kilomita 21.

Sasa, mbio za Februari Dar es Salaam zinatakiwa kuanza alfajiri, na ratiba ilisema saa kumi na mbili kamili. Lakini mgeni rasmi alikuwa bado yuko njiani. Tulipasha misuli, misuli ikapoa, tukapasha tena. Tulipoachiwa ilikuwa saa moja na dakika arobaini, na jua lilikuwa limeshatoka na hasira zake.

Niwaeleze kidogo kuhusu joto la kwetu, kwa sababu mimi nililelewa nyanda za juu na nilikuwa nalidharau. Jasho linaupoza mwili pale linapokauka juu ya ngozi. Kukauka ndiko kunakoondoa joto. Kutiririka tu hakusaidii kitu. Hewa ya pwani mwezi wa pili imeshajaa unyevu, kwa hiyo jasho halina pa kwenda, linakushuka tu kama mtu aliyemwagiwa ndoo huku ndani unaendelea kuchemka. Halafu kuna lile Daraja la Tanzanite. Kulipita kwa gari ni raha, bahari kushoto na kulia. Kwa miguu, saa mbili na nusu asubuhi, ni kilomita moja na ushee isiyo na kivuli hata cha nguzo. Na njia yetu ilikuwa ya kwenda na kurudi, mizunguko miwili.

Mpaka kilomita ya 10 nilikuwa sawa. Nilikuwa nimejipangia saa mbili na dakika kumi, na saa ya mkononi ilikuwa inanipongeza. Kwenye kilomita ya 12, pale darajani, niliona mwanamke mmoja ameshika reli, kisha akateleza taratibu akakaa chini, kichwa kimelala begani. Nilimwona vizuri. Nikawaza, watu wa huduma ya kwanza watakuja. Nikawaza, nyuma yangu kuna watu. Nikaangalia saa. Nikasogea upande wa pili ili nisimkanyage, nikapita.

Nitarudi kwake.

Meza ya maji ya kilomita ya 14 ilikuwa na vikombe vitupu tu na dada mmoja anayetuomba radhi. Baada ya hapo kumbukumbu zangu hazijakaa vizuri. Nakumbuka nilianza kusikia baridi. Baridi, jua lile! Vinyweleo vimesimama mikononi, miguu kama ya mtu mwingine, na kichwani natafuta neno linalofuata katika "Baba Yetu" silipati. Baadaye mama mmoja wa parokia, ambaye ni muuguzi, alinigombeza sana: baridi na kuchanganyikiwa katikati ya joto ni mwili unaopiga kelele, na mtu anayeendelea hapo anaweza kufa. Lakini mimi wakati ule sikuwa nasikiliza mwili. Nilikuwa nawaza kitu kimoja tu, na nawaambia kweli, hakikuwa Msalaba wala wale yatima tuliokuwa tunawachangia. Nilikuwa nawaza fulana. Frateri aliyesema usikate tamaa ataonekanaje?

Aliyenisimamisha ni muuza madafu. Aliacha mkokoteni wake akaja kunishika mkono, tena kwa nguvu.

"Kaka, kaa chini."

Nikamwambia nimebakiza kilomita tano.

"Kilomita zitakuwepo tu. Wewe kaa. Macho yako hayo siyo."

Nikakaa kivulini kwake. Akanimwagia maji kichwani na shingoni, akanikatia dafu, kisha la pili, akakataa kuzungumza na mimi mpaka nilipomaliza. Najua mnasubiri niseme alikuwa malaika, kama yule aliyemletea nabii Eliya mkate na maji jangwani alipolala chini ya mti akiomba afe. Kwa kweli niliwaza hivyo. Lakini alikuwa muuza madafu, na nilipoinuka akanikumbusha kwamba namdai... samahani, ananidai elfu nne. Sikuwa na hata shilingi. Akasema nitalipa nikipita tena.

Nilikaa karibu nusu saa. Kisha nikamaliza kwa kutembea, pamoja na dada mmoja wa kwaya aliyekuwa wa mwisho katika kundi letu na ambaye hakuwa na haraka yoyote na maisha. Saa tatu na dakika ishirini. Medali tuliikuta. Mpaka hapo ingekuwa hadithi ya kuchekesha, nami ningeishia hapo.

Jumatatu tulifanya tathmini. Kati ya watu tisa wanane wamemaliza. Wa tisa ni kijana wetu mmoja, beki wa timu ya parokia, mwenye mapafu kuliko sisi wote. Alipoulizwa alisema tu, "Sikumaliza, kulikuwa na mambo." Tukamtania vizuri sana. Beki kakata tamaa! Mvue fulana! Mimi nilicheka pamoja na wengine, pengine niliongoza. Yeye akacheka pia.

Dominika iliyofuata mwanamke mmoja alikuja parokiani kumtafuta. Ndiye yule wa darajani. Alituhadithia pale nje ya kanisa: jinsi kijana huyo alivyomkuta, akavua fulana yake, akailowesha maji ya chupa aliyokuwa nayo na kumzungushia shingoni, akamkinga jua kwa mwili wake mpaka gari la wagonjwa lilipofika, na kwa kuwa alikuwa peke yake, akapanda naye. Alitundikiwa dripu, akatoka jioni ile ile, Mungu ashukuriwe. Halafu akasema, bila ubaya wowote, "Kuna mwenzenu mwingine alinipita kabla yake. Nilisoma maneno mgongoni mwake."

Vijana wakatazamana. Nikanyamaza.

Leo nasema. Ni mimi. Nimeshaungama, na beki nimemwomba msamaha uso kwa uso, lakini kwa kuwa tulimtania mbele ya watu, naona ni haki niseme mbele ya watu.

Nimesoma falsafa miaka mitatu, na mfano wa Msamaria Mwema nausikia tangu Kipaimara. Siku zote nilijiuliza kuhani alipitaje. Nilidhani alikuwa mtu mwenye moyo mgumu. Sasa nadhani pengine alikuwa na ratiba tu. Kuna mahali alitakiwa kufika, jambo jema limemngoja, na moyoni alikuwa ameshajiambia kwamba mtu mwaminifu hasimami njiani.

Hapo ndipo swali langu lilipo: je, kuendelea ni fadhila siku zote? Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba tendo kuu la fadhila ya nguvu ni kustahimili, kuliko hata kushambulia, na hilo tunalipenda, tunalichapa kwenye fulana. Kuna sehemu ya pili hatuichapi. Udumifu, anasema, una adui wawili, mmoja kila upande. Upande huu kuna ulegevu wa anayeacha mara tu mambo yanapokuwa magumu. Upande wa pili kuna ukaidi, yaani kung'ang'ania kupita inavyotakiwa, na chanzo chake anakitaja kuwa ni majivuno, kutaka kuonyesha ubora wako. Kwa macho huwezi kuwatofautisha mdumifu na mkaidi. Wote wanatoka jasho, wote wanasonga mbele. Aristotle naye alishaona kwamba yupo anayesimama imara vitani kwa kuogopa kusemwa tu. Anafanana sana na shujaa, lakini siye.

Nikarudi pia kwa Akhwari wangu, nikakuta nilikuwa nimesimulia nusu. Katika mbio zile zile za 1968 alikuwepo Abebe Bikila wa Ethiopia, mshindi wa 1960 na 1964, aliyekimbia Roma bila viatu. Siku ile alikuwa na jeraha mguuni, akajitoa kabla hata ya nusu ya njia. Mwethiopia mwenzake, Mamo Wolde, ndiye aliyeshinda. Sijawahi kusikia mtu akimwita Bikila mwoga. Basi siku moja, barabara moja, mmoja akaendelea na mguu mbovu na mwingine akasimama, na wote wawili tunawaheshimu. Maana yake heshima yao haikuwa katika kusimama au kutosimama. Ilikuwa wapi? Kwa Akhwari nadhani ni kwamba alikimbia kwa ajili ya nchi iliyomtuma, na hakuna aliyeachwa chini ili yeye afike. Kuhusu Bikila bado natafakari.

(Wale mnaokwepa mazoezi ya kwaya, andiko hili halikuandikwa kwa ajili yenu.)

Sasa lililo gumu zaidi kwangu. Mwaka jana mwenzangu tuliyelala vitanda jirani seminarini tangu mwaka wa kwanza wa falsafa alitoka. Mnajua neno hilo linavyosemwa kwetu, "ametoka," sauti inashuka kidogo kama mnamzungumzia marehemu. Usiku wa mwisho akiwa anafunga sanduku nilimwambia amekata tamaa. Nilimwambia na Paulo, nikamwambia na Akhwari. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Wewe unabaki kwa ajili ya nani?"

Nilimjibu haraka: kwa ajili ya Kristo. Ni jibu sahihi, hata kwenye mtihani ningepata maksi. Lakini kijijini kwetu mama yangu wanamwita Mama Padre tangu nilipopewa kanzu. Mjomba ameshatenga ng'ombe wa Misa ya shukrani. Nikiwa mkweli, zipo asubuhi ninazoamka kwa ajili ya Kristo, na zipo asubuhi ninazoamka kwa ajili ya ng'ombe wa mjomba. Sitoki, msije mkampigia Paroko simu. Nasema tu kwamba kwa muda mrefu nilihesabu siku zote hizo kuwa udumifu, na nilimpima rafiki yangu kwa kipimo hicho bila kumwuliza ni nini kilichokuwa kinamwumiza. Alikuwa amekaa chini mbele yangu. Nami nikasogea upande wa pili.

Nilimpigia Jumatano usiku. Anafundisha hisabati sekondari moja huko kwao, anasema wanafunzi wanamwita Ticha Frateri na hakuna dawa ya hilo. Nikamwomba msamaha. Akanyamaza kidogo, akasema nilichelewa lakini nimefika. Nilidhani ataniuliza tena lile swali lake, nikawa nimejiandaa kabisa. Hakuuliza. Nilipomsimulia habari za mbio alicheka mpaka akakohoa, kisha akauliza kama nimeshamlipa muuza madafu.

Sikuwa nimemlipa.

Alhamisi jioni nikaenda Coco na elfu nne mfukoni. Mikokoteni ipo mingi, yeye sikumwona. Mwenzake mmoja aliniambia siku hizi anauzia upande wa Kinondoni, mara nyingine anarudi Dominika. Nitakwenda Dominika baada ya Misa ya kwanza. Beki amesema tutakwenda wote.

Tuombeane.