Mke wa Ghorofani Naye Ana Lake la Kusema



Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, nyumba zimekaribiana hata ugomvi wa ghorofani husikika barazani chini. Mama mmoja wa huko, Mkatoliki mwenzetu, alinieleza kisa cha ndoa yake saa nzima. Nikamhurumia mno. Jioni mumewe akarudi kazini, akanieleza kisa kilekile. Sikukitambua.

Nikaikumbuka Jane Eyre, riwaya ya Charlotte Brontë ya mwaka 1847. Jane, mwalimu wa nyumbani, anapendana na tajiri, Bwana Rochester. Siku ya harusi, kanisani, mtu anasimama na kusema kwamba bwana harusi ana mke aliye hai. Kumbe mke yuko ghorofa ya juu, amefungiwa, anaitwa mwendawazimu. Mwishowe anaichoma nyumba, anajirusha kutoka paani, anakufa. Jane anaolewa, nasi tunashangilia! Hebu jiulize, wewe uliyefunga ndoa kwa sakramenti: umefurahia nini? Mke halali amekufa, nawe umeona mwisho mwema. Ni kwa sababu msimulizi ni Jane, na habari za mke huyo amezisema mume. Mwenyewe hakupewa nafasi ya kujieleza.

Mwaka 1966 Jean Rhys, mzaliwa wa Dominica katika visiwa vya Karibi, alimpa nafasi hiyo katika Wide Sargasso Sea. Humo mke ana jina lake, Antoinette; Bertha ni jina alilobandikwa na mumewe. Mume anaandikiwa barua ya fitina, anaisadiki kuliko anavyomsadiki mkewe. Lakini mwandishi hakumziba mume mdomo. Sehemu kubwa ya kitabu anaisimulia yeye, nawe unamwona kijana mwenye hofu, ugenini, aliyeozwa kwa ajili ya fedha. Hapo ndipo nilipoguswa. (Kwetu, mwaka huohuo wa 1966, Okot p'Bitek alitoa malalamiko ya mke, Song of Lawino; mume, Ocol, alingoja kitabu chake hadi 1970, na alipokipata alijaza dharau.)

Tumezoea kudhani amri ya nane inakataza uongo tu. Je, mtu aweza kumshuhudia mwenzi wake vibaya ilhali kila neno ni kweli? Mama yule hakudanganya hata kidogo. Mume kweli hurudi usiku, kweli hasemi.

Niliwaomba jambo moja: kila mmoja asimulie ugomvi wao kwa kinywa cha mwenzake, na mwenzake amsahihishe. Mama akaanza, kwa shingo upande: "Mimi ni mume. Nimefika saa nne usiku, nimepanda ngazi, nimelala bila salamu."

"Hapo umeruka," mume akasema. "Sikupanda ngazi. Nilikaa barazani chini hadi watoto walale. Mshahara haukulipwa, nami nilikuwa nawasikia wakiniulizia."

Mama akanyamaza. Kisha akamwuliza, "Baba watoto, umekaa hapo siku ngapi?"