Jembe la Mgeni

Wazee walisema tembea uone, lakini hawakutuambia tukishaona tufanye nini. Je, mgeni anayefurahia uzuri wa mji wa watu ana wajibu wa kuuliza uzuri huo ulipatikana vipi, au ashukuru tu, ale, aende zake?

Katika miji ya ng'ambo niliyobahatika kuiona, ulionitia fikra zaidi ni Lisbon. Katika makumbusho ya taifa ya sanaa za kale kipo chombo cha dhahabu cha kuwekea Ekaristi Takatifu, kilichokamilika mwaka 1506 kwa amri ya Mfalme Manuel. Dhahabu yake ilitoka Kilwa, ambako mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha mtawala kulipa kodi ya utii. Watazamaji huusifu mkono wa sonara, na wana haki, kwani kazi ile ni nzuri kweli kweli. Nami mtu wa Songo Songo niliuona uzuri huo huo, ila sikuweza kusahau kwamba mwaka 1505 Wareno walirudi wakauteka mji na kuupora.

Hapo ni rahisi mtu wa kwetu kujiona ni mdhulumiwa tu. Lakini dhahabu ile haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka bara, upande wa Zimbabwe, ikapitia Sofala. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliusifu mji kwa uzuri na Sultani al-Hasan bin Sulaiman kwa ukarimu. Yeye mwenyewe anaeleza kuwa sultani huyo aliwashambulia watu wa bara, na katika nyara alitenga fungu moja la tano, ambalo masharifu waliomzuru walipewa. Mgeni aliyaandika hayo kama sifa. Upande wa walioporwa hakuueleza. Na mwaka 1776 sultani mwingine wa Kilwa aliwekeana mkataba na Mfaransa Morice wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka.

Atatokea wa kusema: ikiwa kila mji una doa, ya nini kuuliza? Mimi naona kinyume chake. Dhuluma haigeuki halali kwa kuwa wameifanya wengi. Anayesifu bila kuuliza humsaidia mwenye nguvu kuwafuta waliolipa gharama.

Wala si kila kitokacho mbali kimeporwa. Gesi iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 ilianza kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam mwaka 2004, ikazalisha umeme. Hiyo si nyara. Hata hivyo, anayezifurahia taa za jiji usiku si vibaya akajua jina la kisiwa, akauliza na wenyeji wake wamefaidika nini. Pasipo swali hatutaweza kutofautisha biashara na uporaji, maana dhahabu na taa hung'aa vilevile kwa vyote viwili.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la msafiri, kwa maoni yangu, ni swali hilo. Alichukue kwa adabu, bila kumtukana mwenyeji aliyempokea, ambaye huenda hakutenda lolote. Na anayelitumia katika shamba la wenzake akubali kwamba siku moja watakuja wageni kulima na kwake.