Ghala la Mtu Asiye na Ghala

Lori lililopakia bandarini Dar es Salaam likielekea Zambia au Lubumbashi hufika Ruaha Mbuyuni baada ya kuipita Mikumi na kabla ya kuanza kupanda mlima wa Kitonga. Katika bonde hili la mto Ruaha Mkuu, mpakani mwa Morogoro na Iringa, joto ni kali, vitunguu vimepangwa kando ya barabara, na madereva wengi huegesha. Injini inapoa, matairi yanagongwa, ugali unaagizwa. Nyuma ya usukani, ndani ya chumba chenye upana wa mita mbili na nusu hivi, kuna makazi ya mtu kwa wiki kadhaa, ikitegemea foleni za mpakani Tunduma na Kasumbalesa.

Makazi hayo yana mpangilio ambao mwenye nyumba ya vyumba vinne angeuonea wivu. Godoro jembamba liko nyuma ya viti, na chini yake kuna nguo na blanketi, maana baridi ya Makambako haina huruma kwa aliyetoka Mbagala na fulana. Nyaraka za mzigo, pasi na bima hukaa pale mkono unapofika hata gizani. Sufuria, jiko dogo la gesi, unga na mchele huwekwa nje, kwenye sanduku la chuma ubavuni mwa tela. Jeki, spana, turubai na kamba vina sanduku lao. Kila utingo anazijua kanuni ingawa hajawahi kuzisoma mahali: kizito kikae chini, kinachotumika kila siku kikae karibu, na kisichofungwa kitaruka kwenye kona za Kitonga. Dumu la lita 20 likijaa maji lina kilo 20, na mizani za barabarani hazitofautishi mzigo wa tajiri na maji ya dereva. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, gari na vyote vilivyomo visizidi tani 56.

Mtu anayeishi hivyo analazimika kujibu kila safari swali ambalo dini na falsafa zimelijadili kwa karne nyingi: binadamu anahitaji kubeba nini, na aache nini?

Jibu linalosikika zaidi misikitini na makanisani ni kwamba abebe kidogo. Salman al-Farsi, sahaba wa Mtume Muhammad, alipokuwa mgonjwa wa kufa alitembelewa na Sa'd bin Abi Waqqas, akalia. Akaeleza kuwa halii kwa kuogopa mauti. Mtume alikuwa amewausia masahaba wake kwamba fungu lao la dunia lisizidi masurufu ya mpanda mnyama aliye safarini, naye Salman alijiona amezungukwa na vitu. Vitu vyenyewe, wanasema wasimulizi, vilikuwa vyombo vichache tu, kama bakuli na beseni. Katika Injili ya Marko, sura ya 6, Yesu anawatuma wanafunzi wake wawili wawili na fimbo tu, bila mkate, bila mkoba, bila fedha kiunoni. Na katika kitabu cha Kutoka, Waisraeli walioweka mana hadi asubuhi waliikuta imeoza na kuota mabuu.

Lakini vitabu hivyohivyo vina upande wa pili. Yusufu aliokoa Misri na majirani zake kwa kujaza maghala miaka saba. Mtume mwenyewe, kwa mapokezi ya Bukhari, alikuwa akiiwekea familia yake chakula cha mwaka mzima. Bedui aliyetaka kumwachia Mungu ngamia wake aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Kuweka akiba, basi, si dhambi, na mkulima wa Ruaha Mbuyuni anayekausha vitunguu vyake vizuri, akavitandaza penye kivuli na hewa ili asiviuze kwa bei ya kutupa siku ya mavuno, hana sababu ya kwenda kutubu.

Tofauti inaonekana ukimweka Yusufu kando ya yule tajiri wa Luka sura ya 12, aliyepanga kubomoa ghala zake ili ajenge kubwa zaidi. Wote wawili walihifadhi nafaka. Yusufu aliwahifadhia watu ambao hata majina yao hakuyajua. Yule tajiri, tangu mwanzo wa maneno yake hadi mwisho, anazungumza na nafsi yake peke yake. Hamtaji mke, mtumishi, jirani wala mgeni. Kosa lake halikuwa kwenye ukubwa wa ghala.

Ushahidi mwingine uko hukuhuku Tanzania. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, mwanaanthropolojia wa Kiingereza, James Woodburn, alikaa na Wahadzabe kando ya Ziwa Eyasi. Aliwakuta watu ambao mali yao yote inaweza kubebwa kambi inapohama: upinde, mishale, kijiti cha kuchimbia mizizi, vibuyu, shanga. Mwenzake wa Marekani, Marshall Sahlins, alitumia kazi ya watafiti kama Woodburn kudai kuwa wawindaji hawakuwa maskini, kwa kuwa mahitaji yao yalikuwa machache na yalitoshelezwa. Dai hilo lilipendwa sana. Woodburn aliongeza jambo ambalo halikupata umaarufu huo. Mnyama mkubwa akiuawa, nyama hugawiwa kambi nzima, na aliyepiga mshale hana ruhusa ya kuificha. Wanaume hucheza kamari inayohamisha mishale na visu kutoka mkono hadi mkono, hata asiwepo wa kurundika. Mhadzabe hana ghala kwa sababu kambi nzima ni ghala lake. Mwondoe kambini, umwache na upinde wake, na uchache wa vitu vyake utageuka njaa.

Dereva wa Ruaha Mbuyuni naye yuko hivyohivyo. Kabini inamtosha kwa sababu sehemu kubwa ya nyumba yake imetawanyika barabarani. Jikoni kwake ni kwa mama ntilie aliyeamka saa kumi alfajiri kuwasha moto. Bafu liko gesti, kwa malipo. Pesa ambayo zamani angeificha chini ya godoro sasa iko kwenye simu na kwa wakala. Fundi wa matairi anamtunzia vipuri ambavyo yeye hana pa kuviweka. Na nguo zake za Idi au Krismasi, vyeti vya watoto na kitanda chake cha kawaida viko Uyole au Kihesa, vikilindwa na mke ambaye hayumo katika hesabu yoyote ya safari.

Ukirudi kwa Marko utakuta jambo hilo limesemwa, ila wahubiri hulipita haraka. Mara tu baada ya kuwakataza mkoba, Yesu anawaambia mitume wakae katika nyumba watakayoingia mpaka waondoke mahali hapo. Mkoba wao ulikuwa nyumba ya mtu mwingine. Mtawa wa Kibudha mwenye bakuli moja anamhitaji mama anayepika kila asubuhi, na mwanafalsafa Diogenes wa Ugiriki, aliyejisifu kwa kuishi ndani ya mtungi, alikula kwa hisani ya watu wa Athens wenye jiko.

Siku hizi Ulaya na Marekani kuna wanaouza nyumba na kuhamia kwenye magari madogo yenye kitanda na jiko. Baadhi yao hupita barabara hii wakielekea Malawi na Cape Town, na mbinu zao za kupanga vitu ni zilezile za utingo. Hata hivyo, wapo waliochagua na wapo waliosukumwa. Mwandishi Jessica Bruder, katika kitabu chake Nomadland cha mwaka 2017, aliwaeleza Wamarekani wazee waliohamia kwenye magari baada ya mtikisiko wa uchumi wa 2008, wakifuata vibarua vya msimu. Desemba 2017, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa dereva wa lori asichukue mapumziko yake kamili ya wiki, yale ya angalau saa 45, ndani ya gari. Kwa lugha ya kawaida, majaji walisema kabini si nyumba. Salman alikuwa na vyombo vichache kwa hiari yake, na hiari hiyo ndiyo inayoufanya uchache kuwa ibada. Dereva aliyelala wiki nzima kwenye foleni ya mpakani bila choo hajafanya ibada yoyote. Amekosa choo.

Kwa hiyo swali la vitu vingapi mtu anahitaji limeulizwa nusu. Nusu nyingine ni nani anamtunzia vilivyobaki, na kama huyo naye anatendewa haki. Wenye malori wanaotaka kabini ziendelee kutosha, na halmashauri za barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma, waanze na yaliyo wazi: maegesho yenye ulinzi, vyoo na mabafu yanayofanya kazi, maji safi, na mahali pa kivuli ambapo mama ntilie atauza bila kufukuzwa. Na mhubiri anayekusudia kuhutubia juu ya masurufu ya msafiri, Ijumaa au Jumapili, amtaje pia aliyemfungulia msafiri huyo mlango.